Kiti cha Kumwogeshea Mgonjwa: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mwezi huu tunaingia bafuni. Tunajua si mahali pa kuzungumziwa mbele za watu, lakini sisi tunaouguza nyumbani ndiko tunakoumizwa migongo, na ndiko wagonjwa wetu wanakovunjika moyo. Kwa hiyo tuvumiliane, tuseme wazi.

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu cha akina mama kilimtembelea bibi mmoja huko Mbagala, wilaya ya Temeke. Alikuwa amepata kiharusi na upande wake wa kulia umelegea. Aliishi na mwanawe, mke wa mwanawe na wajukuu. Mwana alikuwa na nguvu za kumbeba, lakini mtu atamwogeshaje mama yake mzazi? Kazi yote ikamwangukia mke, mama mdogo wa umbo. Kila asubuhi alimkumbatia mama mkwe, akamkokota hadi uani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki walichokikata tundu katikati. Siku moja miguu ya kiti ikateleza juu ya saruji iliyolowa na wote wawili wakaanguka.

Kwa neema ya Mungu hakuna aliyevunjika mfupa. Lakini tangu siku ile bibi akaanza kukataa maji. Alikunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na chakula cha usiku akakirudisha. Alipoulizwa, alijibu kwamba hana hamu. Kumbe hamu alikuwa nayo. Alichoogopa ni kwenda chooni, na kumwangusha tena mke wa mwanawe.

Sisi wauguzi hali hii tunaijua. Mgonjwa asiyekunywa maji hufunga choo, mkojo wake huwa wa rangi nzito na wa kuchoma, na maambukizo ya njia ya mkojo huwa karibu. Akiwa mzee, huweza hata kuchanganyikiwa. Na yote hayo yameanzia kwenye kiti kibaya.

Tukachanga. Tukanunua kiti kikubwa cha kuogea kilichotoka ng'ambo, chenye tundu la haja, magurudumu manne, mto wa kichwa na mpini wa kukilaza nyuma. Tulikipeleka kwa nyimbo na vigelegele. Magurudumu yake madogo yakazama katika mchanga wa uani. Tulipokibeba hadi chooni, kikakwama mlangoni. Tulipojaribu kumlaza bibi, akapiga ukelele akidhani anaanguka mara ya pili. Baada ya mwezi mmoja tulirudi tukakuta kimeanikwa nguo.

Bibi alituambia taratibu, kwa ulimi uliokuwa bado mzito: "Mlipotaka kunishonea sare ya kitenge, mlinipima. Kwa kiti hamkunipima."

Tumeyabeba maneno hayo hadi leo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini kiti cha kuogea huulizwa mgonjwa. Na tena huulizwa mlango, sakafu, na mama atakayekisukuma.

KITI KINACHOLALA NI KIPI?

Viti vya kuogea na kujisaidia ni vya namna tatu. Kipo cha miguu minne, kisichosogea, chenye tundu. Kipo cha magurudumu, kinachomtoa mtu kitandani na kumfikisha bafuni bila kubebwa. Na kipo cha magurudumu kinacholala nyuma, ndicho tulichomnunulia bibi.

Hapo kwenye kulala pana jambo ambalo wengi hawalioni dukani. Vipo viti ambavyo mgongo peke yake ndio unaolala, na vipo ambavyo kiti kizima kinainama nyuma, makalio na mgongo pamoja. Si kitu kimoja. Chukua kiti cha kawaida cha mbao, kishike kwa nyuma, kiinamishe kidogo kuelekea kwako. Utaona kwamba pembe kati ya mgongo na kikalio haikubadilika. Mtu aliyekaa katika kiti cha namna hii habadili mkao wake. Uzito wake unahama kutoka makalioni kwenda mgongoni, naye anabaki mahali pake.

Pale ambapo mgongo peke yake unalala, mwili huteleza mbele. Ngozi ya makalio huvutwa na kusuguliwa, na kwa mtu asiyehisi vizuri huo ni mwanzo wa kidonda. Kwa mwenye misuli inayokakamaa, kama watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, kunyooshwa nyonga ghafla kunaweza kuuamsha mkakamao wenyewe, mtoto akajipinda na kuchomoka kitini. Kwa hiyo ukiambiwa kiti kinalala, uliza kinacholala ni nini.

NANI ANAKIHITAJI?

Kiti kinacholala ni cha mtu asiyeweza kushikilia kiwiliwili au shingo yake mwenyewe. Ndiyo hali ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo mkali, mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, na mgonjwa wa kiharusi kizito. Humfaa pia yule anayeteleza mbele kila akikalishwa, na yule anayeona kizunguzungu akiinuliwa baada ya kulala muda mrefu.

Mwenye kuweza kukaa peke yake hakihitaji. Jaribu hivi nyumbani. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, nawe simama mbele yake tayari kumdaka. Je, anaweza kukaa muda wa kuogeshwa, akijishika kwa mkono mmoja? Basi kiti cha kawaida chenye mikono imara kitamtosha. Yule bibi wa Mbagala tulipomjaribu, tukiwa tumechelewa, alikaa vizuri kabisa akishika kitanda kwa mkono wa kushoto. Tulikuwa tumemnunulia ugonjwa asiokuwa nao.

CHUKUA FUTI YA FUNDI CHEREHANI

Vipimo ni vya aina tatu. Viandike kwenye daftari kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza mpime mgonjwa, akiwa amekaa. Pima upana wa nyonga zake. Kikalio kizidi kidogo tu, kwa maana kikiwa kipana mno atapinda upande mmoja. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Kikalio kiwe kifupi kuliko hapo kwa vidole viwili au vitatu, ili ukingo usikate damu nyuma ya magoti. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, upate kujua pa kuwekea miguu. Miguu isining'inie, wala magoti yasipande juu. Kama shingo ni dhaifu, pima pia kutoka kikalio hadi kisogoni. Mwisho jua uzito wake. Kila kiti cha dukani kina kikomo cha kilo, nacho kisipuuzwe.

Pili ipime nyumba. Mlango wa choo mara nyingi ni mwembamba kuliko wa chumba. Fungua mlango, upime nafasi iliyobaki wazi kati ya ubao wa mlango na fremu, si ukutani hadi ukutani. Tazama kizingiti. Ukitaka kuweka mteremko wa saruji, kwa kila sentimeta 1 ya kimo weka sentimeta 12 za urefu, la sivyo utasukuma mlima. Tazama njia. Nyumba zetu nyingi za Mbagala, Tandika au Manzese zina korido katikati na choo uani, na kati yake pana mchanga. Magurudumu madogo ya kiti cha kuogea yametengenezwa kwa sakafu, mchangani hayaendi.

Tazama pia choo chenyewe. Viti vingi vya ng'ambo vimeundwa kupita juu ya choo cha kukaa. Hapo pima kimo na upana wa sinki, uone kama kiti kitapita juu yake bila kugonga. Kama choo chako ni cha kuchuchumaa, kiti kitasimama juu ya tundu ikiwa miguu inaenea pande zote mbili, au utatumia ndoo chini yake. Na kumbuka kwamba kiti kikilala hurefuka. Kichwa huenda nyuma, miguu huja mbele. Chumba kinachotosha kiti kilichosimama huenda kisikitoshe kilicholala.

Tatu jipime wewe utakayekisukuma. Mwombe mtu mzima akae kitini, nawe ukilaze na kukiinua mara kadhaa. Kikikushinda dukani, siku umechoka na sabuni iko mikononi kitakushinda zaidi.

MAMBO YA KUKAGUA

Breki. Ziwe imara, nawe ziguse zote kwa mguu wako ukivaa kandambili, maana ndizo utakazovaa bafuni.

Kizuizi cha kupinduka. Kiti kinapolala, uzito unarudi nyuma. Ukivuka magurudumu ya nyuma, kiti na mtu wote hubiringika. Lazima pawe na msingi mrefu nyuma au vizuizi vidogo vinavyogusa chini.

Kufuli la kulaza. Kiti kikilala kijifunge chenyewe mahali pake, kisisubiri mkono wako. Vingine hutumia pampu ya gesi na waya, vingine pini inayoingia katika matundu. Pampu ni laini kutumia, lakini ikifa inahitaji nyingine kama yenyewe. Pini hata fundi wa mtaani huiona na kuitengeneza. Uliza vipuri vinapatikana wapi kabla ya kulipa.

Tundu. Likiwa kubwa mno, mtu mwembamba au mtoto huzama ndani yake na nyama hubanwa. Ukingo uwe laini, usiopasuka. Tundu lililo wazi upande wa mbele au pembeni ni rahisi kwako kupitisha mkono na kumsafisha bila kumwinua.

Mikono ya kiti. Iwe ya kufunguka, ili mgonjwa avutwe kutoka kitandani kwa upande badala ya kunyanyuliwa juu.

Mikanda. Mmoja wa nyonga, na kwa asiyeshika kiwiliwili mwingine wa kifua. Wa kifua usipande kooni.

Kutu. Hapa Dar es Salaam tuna hewa ya bahari, na visima vingi vya pembezoni hutoa maji ya chumvi. Chuma kilichopakwa rangi tu huanza kula kwenye viungio na skrubu, mahali usipopaona. Alumini au chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Chochote ulicho nacho, kisuuze kwa maji baridi kila baada ya kuoga, ukikaushe na ukikague kila mwezi.

JE, FUNDI ANAWEZA?

Kiti cha kawaida, ndiyo. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, au seremala wa Keko, ukiwapa vipimo watakutengenezea kiti kizuri. Sema unataka miguu iliyotanuka kidogo chini, yenye kofia za mpira, mikono ya kujishikia pande zote mbili, na kikalio chenye tundu la mviringo lililolainishwa. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu usikitumie. Kukatwa kumekiondolea nguvu, na miguu yake hutanuka penye utelezi.

Kiti kinacholala, tusidanganyane, si cha kubahatisha. Mahali pa kuweka kiungo kinachoinama ndipo panapoamua kama kiti kitatulia au kitapinduka. Fundi akitaka kukijaribu, akae kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, na kijaribiwe kwa mzigo wa uzito ule ule kabla ya kuwekewa binadamu.

SIKU YA KUOGA

Andaa kila kitu kabla ya kumtoa kitandani, yaani maji, sabuni, taulo, nguo safi na khanga mbili. Pima joto la maji kwa kiwiko chako, kwa sababu aliyepooza anaweza kuungua asijue. Funga breki. Mweleze unachofanya kabla hujafanya.

Mlaze kidogo kidogo, huku unazungumza naye. Ili uzito upungue kweli makalioni, kiti kinahitaji kuinama nyuzi 30 hivi au zaidi, lakini siku za kwanza usifike huko. Akisema kizunguzungu, simama hapo.

Usimlishe wala kumnywesha akiwa amelala. Usimmwagie maji usoni wala kumpigisha mswaki katika hali hiyo, maana maji huingia kwenye njia ya hewa. Uso na kinywa huoshwa akiwa ameinuliwa. Na usimwache peke yake, hata kama simu inaita.

Asikae juu ya tundu zaidi ya dakika 15 hivi. Tundu halibebi makalio kama kikalio kizima kinavyobeba, hivyo uzito hulundikana ukingoni. Baada ya kumkausha, mikunjo yote ikiwamo, tazama makalio, mfupa wa mkia na visigino. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu peke yake. Tafuta mahali palipokoza rangi, penye joto au pagumu kuliko pembeni yake. Ukipabonyeza na rangi isibadilike, usimkalishe tena hapo mpaka pamepona, na umwonyeshe mhudumu wa afya.

Onyo moja kwa wanaouguza mtu aliyeumia uti wa mgongo juu, sehemu ya shingo au kifua. Akiwa kitini akaanza ghafla kuumwa kichwa cha kugonga, na jasho likamtoka usoni, usimlaze. Mwinue akae wima, legeza mikanda, tazama kama kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umejikunja, na umkimbize hospitali ikiwa haipungui mara moja. Shinikizo la damu limepanda, nayo ni hatari ya kufa.

Na heshima yake, mama. Mfunike kwa khanga tangu kifuani hadi magotini, ukioshe kipande kimoja kwa wakati. Kama mkono wake mmoja unafanya kazi, mpe kitambaa ajisafishe mwenyewe sehemu za siri. Hata akifanya nusu, ile nusu ni yake.

PA KUULIZIA

Usianzie dukani. Anzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, kama Temeke au Mwananyamala. CCBRT, iliyoanza mwaka 1994 na iliyo na hospitali yake Msasani, imezoea kuhudumia watu wenye ulemavu, watoto kwa wakubwa. Kwa waliovunjika na walioumia mgongo ipo Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ndugu zetu wa Kaskazini wana KCMC mjini Moshi, ambako chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981.

Wala usione aibu kuuliza, kana kwamba unaomba anasa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele, na viti vya bafuni na chooni vimo. Nchini kwetu ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki zao, huduma za utengemao zikiwamo.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Tulirudi Mbagala na futi. Safari hii tulikaa na bibi, na mke wa mwanawe, na mwana mwenyewe. Ilionekana kwamba bibi akishikwa upande mmoja anaweza kusimama na kupiga hatua chache. Tukamtengenezea kiti cha bomba la chuma, kizito, kisichosogea. Vijana wa kanisa walimwaga saruji kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye kona ya uani, wakaizungushia mabati, ikawa bafu lake. Usiku kiti kilisimama chumbani kikiwa na ndoo yenye mfuniko chini yake. Mwana, ambaye hakuweza kumwogesha mama yake, alipata kazi aliyoiweza: kuchota maji, kumwaga ndoo alfajiri na kukagua kiti kila Jumamosi.

Wiki ya pili mke wa mwanawe alituambia habari moja tu: bibi ameomba chai kikombe cha pili.

Na kile kiti kikubwa? Kilihamia Tegeta, wilaya ya Kinondoni, kwa kijana wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mama yake alikuwa bado anambeba mgongoni. Bafu lao liko ndani, mlango tuliupima kabla. Mtaalamu alipandisha pa kuwekea miguu na kupunguza tundu kwa mto wa sponji uliofunikwa mpira. Siku ya kwanza mama huyo alimlaza mwanawe taratibu, akafunga breki, akasimama akiitazama mikono yake. Kwa miaka yote alikuwa akimshika kwa mkono mmoja na kumwogesha kwa mwingine. Siku hiyo alimwogesha kwa mikono miwili.

Akina mama, wiki hii azimeni futi kwa fundi cherehani. Mwulizeni mgonjwa wenu anaogopa nini bafuni, kisha pimeni mlango. Mpaka mwezi ujao, tuwatakie nguvu na migongo mizima.